Hakimu akihamishwa katikati ya kesi, jalada linakabidhiwa na nani? Tuijadili Sura ya 237

#1 Mtu wa Chamwino

Wakuu, salaam.

Siku ya Sheria ikifika hapa Dodoma tunajazana viwanja vya Chinangali, tunasikia hotuba za mifumo, majengo na kasi ya kumaliza mashauri. Sina ugomvi na hotuba. Jengo la makao makuu ya Mahakama lililozinduliwa Aprili 5, 2025 ni la kujivunia, tuseme ukweli. Mimi nina swali dogo ambalo halipigwi picha: siku hakimu anapopata barua ya uhamisho, nani kisheria anawajibika kumkabidhi anayekuja mashauri yaliyosikilizwa nusu?

Kwa asiyeifahamu, Sheria ya Usimamizi wa Mahakama, Na. 4 ya 2011, ndiyo Sura ya 237, ilitenganisha kazi za mashauri na kazi za utawala. Msajili Mkuu akabaki na mashauri. Ikaanzishwa nafasi ya Mtendaji Mkuu wa Mahakama kwa ajili ya watumishi, fedha, majengo na magari. Ulikuwa uamuzi wa maana, maana msajili aliyesomea sheria hakupaswa kushinda akitafuta mafuta ya gari na fundi wa bomba.

Ila ukikaa upande wetu wa benchi, unaona mwanya. Hakimu yuko kwenye mstari wa msajili. Karani ana mabwana wawili: kazi ya kila siku anapangiwa na hakimu mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, ajira yake iko kwa mtendaji. Hakimu akiondoka, kila mstari unafuata taratibu zake, na jalada linabaki katikati halina mwenyewe.

Familia yetu ina shauri la shamba la zabibu katika mahakama moja ya kanda hii, sitaitaja. Tulipoomba mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za yaliyojiri mahakamani, tukasoma kurasa zinazofanana: "Akidi. Mdai yupo. Mdaiwa yupo. Hakimu anayesikiliza amehamishwa. Amri: shauri litatajwa tarehe fulani." Chini sahihi. Ukurasa unaofuata hivyo hivyo. Halafu ghafla shahidi wa tatu anaapishwa mbele ya hakimu mwingine kabisa, hakuna hata mstari mmoja unaosema alipewaje shauri lile. Wakili wetu aliposoma hapo akavua miwani.

Hoja yangu: Sura ya 237 ikifunguliwa tena bungeni, makabidhiano yawe wajibu wa kisheria. Hakimu asiondoke kituoni kabla hajasaini orodha ya mashauri aliyoyasikiliza nusu, vielelezo vilivyopokelewa na hukumu anazodaiwa. Karani asaini, mfawidhi asaini, na nakala ibandikwe ubao wa matangazo tuione.

#2 Zabibu Kavu

Mkuu, sheria tunazo hadi zinatushinda kubeba. Tatizo ni watu. Hata wakiandika hayo makabidhiano, utaambiwa "fomu zimeisha".

#3 Wakili wa Kijiweni

Mleta uzi ameshika penyewe, ingawa sheria siyo tupu kiasi hicho.

Kwa madai kuna Amri ya XVIII Kanuni ya 10 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33. Jaji au hakimu akishindwa kumaliza kwa sababu ya kifo, uhamisho au sababu nyingine, anayemrithi anaweza kuendelea pale alipoishia mwenzake kwa kutumia ushahidi ulioandikwa. Kwa jinai kuna kifungu tulichozoea kukiita 214 cha Sura ya 20, chenye mwelekeo huohuo, na kinampa mrithi nafasi ya kuwaita mashahidi upya.

Mahakama ya Rufani ikaongeza sharti: sababu ya shauri kuhama mkono lazima iandikwe kwenye mwenendo. Soma M/S Georges Centre Limited dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Rufaa ya Madai Na. 29 ya 2016. Mantiki yake ni mbili. Aliyemwona shahidi akitetemeka au akikwepa swali ndiye aliye katika nafasi nzuri ya kupima ukweli wake. Na bila sababu kuandikwa, mtu anaweza kujichukulia jalada lolote kwa maslahi yake.

Kwa hiyo yule mheshimiwa wa shauri lenu aliyeingia kimyakimya amewapa wapinzani wenu hoja ya rufaa bure. Mnaweza kushinda leo, mkafika juu mwenendo ukabatilishwa kuanzia pale alipoingia, mkarudi kuanza na shahidi wa tatu. Siku hizi si kila mara itabatilishwa, hasa baada ya marekebisho ya 2018 yaliyotaka mahakama ziangalie haki yenyewe kuliko ufundi. Majaji watauliza: nani ameumia? Lakini nani anataka kucheza kamari hiyo na shamba la ukoo?

Hapa ndipo sheria inachekesha. Ibara ya 110 ya Katiba inamruhusu jaji wa Mahakama Kuu aliyetimiza umri wa kustaafu, yaani miaka 60, aendelee mpaka amalize hukumu na mashauri aliyoyaanza. Katiba ilimfikiria jaji anayestaafu. Hakimu anayehamishwa kutoka Mpwapwa kwenda Mtwara hakufikiriwa kiasi hicho. Kilichopo ni kwamba akiwa ameshaiandika hukumu, aliyempokea anaweza kuisoma kwa niaba yake, Amri ya XX. Asipoandika, ndiyo hivyo.

#4 Mnyaturu wa Mandewa

Wakili msomi, hapo kwa mashahidi umenena. Mashahidi wetu ni wazee. Ukimwambia mzee wa Ikungi arudi kusema upya aliyoyasema mwaka juzi, nauli nani, na atakuwa anakumbuka? Mwingine unakuta ameshafariki.

Halafu tusisahau kwamba kwa miaka mingi Kanda ya Dodoma ya Mahakama Kuu ndiyo ilikuwa inabeba na Singida. Kesi za mauaji zilisubiri vikao, jaji anakuja na msafara, anasikiliza kadhaa, anaondoka. Ndugu wa marehemu na ndugu wa mshtakiwa wote wanasubiri jaji mmoja kama mvua.

#5 Wakili wa Kijiweni

@Mnyaturu ndiyo maana ya mahakimu wakazi wenye mamlaka ya nyongeza. Shauri la Mahakama Kuu linahamishiwa kwake, analisikiliza kana kwamba ni Mahakama Kuu, na rufaa yake inaenda moja kwa moja Mahakama ya Rufani. Ni njia ya kusambaza nguvu bila kusubiri uteuzi wa majaji wapya, maana jaji anateuliwa na Rais, hatokei kwa tangazo la kazi. Kwangu mimi hayo ndiyo mageuzi ya kupanga majaji yaliyofanya kazi kuliko mengine, na hayaimbwi sana.

#6 Karani Mstaafu

Wanangu, hamjambo. Nimefanya kazi hii tangu enzi za taipureta ya mkono mpaka mfumo wa kielektroniki unaingia, kwa hiyo niruhusuni niseme kidogo, maana naona karani ameanza kupikwa.

Karani hana jalada. Karani analitunza. Jalada likishaingia chemba, likae wiki au mwezi, karani hana ubavu wa kulichomoa. Ile kauli mnayoichukia, "jalada liko kwa mheshimiwa", mara nyingi ni kweli tupu. Mwananchi anadhani nataka chai. Wapo waliotaka chai, siwatetei. Ila wengi tulikuwa tunasema ukweli na tunatukanwa.

Sasa kuhusu makabidhiano. Mnazungumzia karatasi, na karatasi siku hizi ni nyepesi. Tangu mfumo mpya wa kusimamia mashauri uanze Novemba 2023, mwenendo na nyaraka vinaonekana kwenye skrini, mfawidhi akitaka anaona shauri liko wapi. Shida ni vitu visivyoingia kwenye skrini. Hati halisi ya kiwanja. Panga. Simu. Gunia la bangi. Hivyo viko kwenye chumba cha vielelezo, na vinaandikwa kwenye rejista: namba ya shauri, maelezo ya kitu, aliyekileta, tarehe, sahihi. Safu ya mwisho ni ya kilipokwenda kitu hicho. Fungua rejista nyingi za zamani, hiyo safu ya mwisho ni nyeupe.

Hakimu akiondoka, anayekuja anakagua majalada. Sikuwahi kuona anayekuja akasema "karani, leta funguo tuhesabu vielelezo kimoja kimoja". Karani akihama ni hivyo hivyo, unakabidhi funguo na maneno ya mdomo. Miaka inapita, rufaa inashinda, mtu anakuja na amri ya kurudishiwa hati yake, haipo. Anayeulizwa ni karani aliyeajiriwa juzi.

Kwa hiyo mleta uzi, ukiandika sheria yako, anza na kabati.

#7 Binti Kondoa

Shikamoo mzee Karani. Naomba kuuliza, karani kisheria anatakiwa kufanya nini na hatakiwi kufanya nini? Maana mimi kuna mahali niliambiwa na karani "kesi yako nyepesi, hapa unashinda", na mwingine akanishauri nisimtafute wakili. Nikabaki najiuliza huyu ni karani au ni hakimu msaidizi.

#8 Karani Mstaafu

Marahaba mwanangu. Anatakiwa kupokea nyaraka, kuhakikisha malipo yamefanyika kwa namba ya malipo ya serikali na siyo mkononi, kupanga mashauri kwenye orodha ya siku, kuita mashauri, kutunza majalada na vielelezo, kuandaa nakala. Anaweza kukwambia utaratibu: fomu gani, dirisha lipi, rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni ndani ya siku 30. Hapo anakusaidia.

Akikwambia utashinda, mkimbie. Akikwambia hakimu "anaelewa", mkimbie zaidi.

Na samansi, jueni, mara nyingi siyo kazi ya karani kuipeleka. Kuna wasambaza nyaraka za mahakama na kuna madalali wa mahakama, wana kanuni zao za 2017 zinazosema nani anafaa, analipwaje na anaadhibiwaje. Mtu anakuja kumgombeza karani kwa nyumba iliyopigwa mnada na dalali!

#9 Zabibu Kavu

Mzee anatetea kiwanda chake 😂 Ila hilo la kabati limeniingia.

#10 Msafiri wa Makole

Wakuu, nimekuwa nafuatilia Hispania, wamefanya mageuzi yanayogusa hasa mambo haya mawili, majaji na watumishi. Walipitisha sheria Januari 2025. Zamani kila mahakama ya mwanzo wa shauri kule ilikuwa jaji mmoja na watumishi wake, yaani ofisi kamili kwa kila jaji. Sheria mpya imeziunganisha zikawa mahakama moja kwa kila eneo, jumla 431 nchi nzima, na majaji wanakuwa ndani yake kama jopo la kugawana kazi. Watumishi wakatolewa kwa jaji mmojammoja wakawekwa kwenye ofisi za pamoja, zenye mgawanyo wa majukumu. Ilianza kwa awamu, Julai, Oktoba na mwisho wa Desemba 2025.

Wazo lao ni kwamba jaji akihama, ofisi haiyumbi kwa sababu haikuwa yake. Kwa nini na sisi tusifikirie hivyo? Karani awe wa masjala, siyo wa mheshimiwa fulani.

#11 Karani Mstaafu

Mwanangu Msafiri, jambo zuri hilo kwenye karatasi. Ila kitu cha wote kinaweza kuwa cha hakuna mtu. Karani aliyekaa na hakimu mmoja anajua shauri namba fulani mdaiwa ni mgonjwa, yule shahidi anatoka Kibakwe anahitaji kusikilizwa asubuhi apate gari la kurudi. Ukimweka dirishani anapokea kila kitu, anabaki kupokea tu.

Halafu Mahakama zetu za Mwanzo nyingi huko vijijini zina karani mmoja. Ofisi ya pamoja ya mtu mmoja ndiyo nini?

#12 Mtu wa Chamwino

@Karani mzee wangu, nakubaliana kuhusu vijijini. Ila kwa Dodoma mjini, pale kwenye Kituo Jumuishi ambapo ngazi kadhaa za mahakama ziko jengo moja, hoja ya Msafiri ina miguu. Tayari wako pamoja kwa majengo. Kilichobaki ni majukumu.

Na nisieleweke vibaya kuhusu uhamisho. Siupingi. Hakimu akikaa wilaya moja muda mrefu anaanza kujua kila mtu, anaalikwa harusi, anauziwa kiwanja, hasa Dodoma hii ya tangu serikali ihamie 2016 ambapo kila kona ni kiwanja. Bora ahame. Nataka ahame vizuri.

#13 Sauti ya Nkuhungu

Mnajadili karani na kabati, tembo yuko sebuleni hamumuoni. Sura ya 237 hiyohiyo imeweka kamati za maadili ya maafisa wa mahakama, ya mkoa mwenyekiti wake Mkuu wa Mkoa, ya wilaya mwenyekiti Mkuu wa Wilaya. Hakimu anayesikiliza kesi ambayo halmashauri ni mdaiwa, malalamiko dhidi yake yanapokelewa na kamati ya nani? Huko ndiko kwa kurekebisha kwanza. Ibara ya 107B inasema mahakama ziwe huru, tufuate tu Katiba na sheria.

#14 Wakili wa Kijiweni

@Sauti hoja nzito, na siyo mpya, mawakili tunaijadili kila tukikutana. Kwa haki ya kamati hizo, zenyewe hazimfukuzi hakimu. Zinapokea malalamiko na kuchunguza, uamuzi wa nidhamu ni wa Tume ya Utumishi wa Mahakama ambayo mwenyekiti wake ni Jaji Mkuu. Na watetezi wake wanasema mwananchi wa Bahi anamfikia DC kirahisi kuliko kuifikia Tume. Kuna ukweli humo. Ila sura inayojengeka kwa mwananchi siyo nzuri, hapo niko na wewe. Mwenyekiti angeweza kuwa mtu mwingine yeyote anayeheshimika na wilaya, na DC akabaki nje.

Inanirudisha kwa mleta uzi. Tahadhari, ukilipa Bunge kazi ya kupanga hakimu aondoke lini na akabidhi nini, unaingiza mkono wa siasa kwenye ratiba ya mahakama. Leo ni makabidhiano, kesho wabunge wanapanga jaji gani akae wapi. Uhamisho unaweza kuwa adhabu bila kuitwa adhabu, na hakimu anayejua hilo ataandika hukumu kwa kuangalia nyuma. Mimi ningependa sheria iseme sentensi moja tu, kwamba makabidhiano ni lazima, na mengine yote yawe kwenye kanuni za Jaji Mkuu.

#15 Mtu wa Chamwino

Sentensi moja inatosha, wakili. Ila iwe na meno: hakimu mpya asiguse shauri lililosikilizwa nusu kabla orodha haijaingia kwenye jalada. Na orodha hiyo itaje sababu ya shauri kuhama, ili ile hoja ya Georges Centre ife palepale masjala badala ya kwenda kufia Mahakama ya Rufani miaka mitano baadaye.

Kwenye DC naomba tufungue uzi mwingine, huu utapotea.

#16 Zabibu Kavu

Na kabati.

#17 Mtu wa Chamwino

Na kabati. Mfawidhi na karani wahesabu wote wawili, wajaze ile safu nyeupe ya mzee.

#18 Binti Kondoa

Samahani wakuu nawarudisha chini. Mimi mama alifungua mirathi ya baba Mahakama ya Mwanzo, akateuliwa msimamizi, halafu hakimu akahama. Kila akienda anaambiwa asubiri hakimu mpya aipitie. Baba mdogo ameanza kuuza ng'ombe. Afanye nini?

#19 Karani Mstaafu

Mwanangu, kwanza mama ana barua ya usimamizi? Kama anayo, hamsubiri hakimu mpya kuanza kazi yake. Akusanye mali, ajaze Fomu Na. V ya orodha ya mali, na ng'ombe awaandike idadi, rangi na zizi walipo. Akimaliza kugawa ndiyo Fomu Na. VI ya hesabu.

Hao wanaouzwa, aende kwa mtendaji wa kijiji na nakala ya barua ya usimamizi, maana ng'ombe haingii mnadani bila kibali. Huko ndiko pa kumzuia shemeji yake haraka kuliko mahakamani.

Halafu aandike barua kwa hakimu mfawidhi wa wilaya, kwa Kiswahili cha kawaida: namba ya mirathi, jina la marehemu, tarehe ya mwisho shauri lilipotajwa, na swali moja, limepangiwa nani. Mahakama ya Wilaya ina mamlaka ya kuita na kukagua kumbukumbu za Mahakama ya Mwanzo, kwa hiyo siyo kumbembeleza mtu. Nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa abaki nayo.

#20 Binti Kondoa

Asante sana mzee wangu. Barua ya usimamizi anayo, nakala. Halisi anasema iliachwa mahakamani siku ile.

#21 Karani Mstaafu

Aulize kama iko ndani ya jalada au kwenye kabati la vielelezo, na aulize akiwa amesimama palepale masjala, siyo kwa simu.